Unalipia Madesa au Unalipia Masahihisho?

Mnada wa mwisho wa korosho ukishapita, wazazi wengi wa Nachingwea na Ruangwa hukaa chini kupanga matumizi. Kuna deni la dukani, kuna bati za nyumba, na kuna mahitaji ya mtoto aliye kidato cha tano au cha sita. Serikali ilifuta ada ya vidato hivyo kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023, lakini kipengele kingine kimeingia katika orodha ya mzazi: tuisheni. Na katika tuisheni zenyewe, ile inayoombwa kwa haraka zaidi mtihani ukikaribia ni ya General Studies, somo ambalo wanafunzi wote hulijua kwa jina la GS.

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika ukanda huu. Maoni yangu ni haya: mwanafunzi wa GS akitaka kulipia msaada, alipie masahihisho ya kazi yake, na asilipie madesa. Madesa yapo kila kona, na mwanafunzi anaweza kutoa kopi stesheneri kwa bei ndogo. Mtu wa kukaa na insha yake, kuisoma mstari kwa mstari na kumwonyesha pale hoja ilipokatika ndiye adimu.

Tuanze na swali ambalo mzazi makini huuliza: kwa nini kulipia somo ambalo alama zake haziingii katika kupanga daraja? Ni swali la haki. Daraja la kidato cha sita hupangwa kwa masomo matatu ya tahasusi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeyumba katika Jiografia au Historia asitumie jioni zake zote kwenye GS. Hata hivyo, GS ndipo kijana wa tahasusi yoyote, hata wa Fizikia na Kemia, alipopewa nafasi ya kujifunza katiba, haki za binadamu, utawala bora na mipango ya maendeleo. Mitaala hubadilika na majina ya masomo hubadilika. Sasa lipo pia somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Maswali ya msingi yanabaki yale yale: nani ana mamlaka, ameyapata wapi, na nani anamdhibiti? Kijana asiyeweza kujibu hayo atapiga kura, atalipa kodi na atasaini mikataba akiwa gizani.

Sasa, nani anafaa kuwa mwalimu wa ziada? Usimpime kwa wingi wa wanafunzi wake wala kwa sifa kwamba mwaka jana "alitabiri" maswali. Mpime kwa maswali matatu.

Swali la kwanza: muulize Waziri Mkuu anapatikanaje. Kwa mtoto wa Ruangwa swali hili liko nyumbani, maana aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo, Kassim Majaliwa, aliteuliwa kushika nafasi hiyo mwaka 2015 na tena mwaka 2020. Mwalimu akikujibu kwamba "huteuliwa na Rais" akaishia hapo, amekupa nusu jibu. Ibara ya 51 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inaeleza zaidi: Rais anamteua ndani ya siku kumi na nne baada ya kushika madaraka, anamteua kutoka miongoni mwa wabunge waliochaguliwa majimboni, wa chama chenye wabunge wengi zaidi, na mteule hashiki madaraka mpaka Bunge limthibitishe kwa kura. Mwalimu mzuri ataendelea kukuuliza: kwa nini mbunge wa viti maalumu hawezi kuteuliwa? Kwa nini Bunge lipige kura? Hapo ndipo mwanafunzi anapoona jinsi mihimili inavyogusana, badala ya kukariri kwamba mihimili ni mitatu.

Swali la pili: mwombe akueleze tofauti kati ya Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi Mtendaji na Mwenyekiti wa Halmashauri. Wanafunzi wengi huwachanganya watatu hawa, ingawa ofisi zao huzipita kila siku. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais na anaiwakilisha serikali kuu. Mkurugenzi naye huteuliwa na Rais, lakini ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri, yaani serikali ya mitaa. Mwenyekiti huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, na madiwani wa kata huchaguliwa na wananchi. Ukielewa picha hii umepata kiini cha mada ya ugatuaji wa madaraka, na Ibara ya 145 na ya 146 utazisoma zikiwa na uhai. Mwalimu anayeijua katiba kwa namba za ibara peke yake, bila kujua halmashauri yake mwenyewe inavyofanya kazi, atakufundisha majina tu.

Swali la tatu ndilo kubwa: mwombe akuonyeshe insha aliyoisahihisha. Tazama kalamu yake. Kama ameweka vema na alama tu, huyo anahesabu. Kama ameandika "hoja hii umeirudia", "toa mfano", "swali limesema jadili, wewe umeorodhesha", huyo anafundisha. GS hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wetu wengi wanayajua mambo kwa Kiswahili lakini hawawezi kuyapanga katika aya za Kiingereza. Hapo madesa hayamsaidii mtu. Anayesaidia ni yule atakayemruhusu kijana ajieleze kwanza kwa Kiswahili mpaka hoja ikae sawa, halafu amsimamie kuiandika kwa lugha ya mtihani.

Watu wa namna hiyo wapo hapa kwetu. Wapo wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira, wengine wanaendesha bodaboda au wanasimamia duka la ndugu. Wapo walimu wastaafu na watendaji wastaafu wa kata. Wanafunzi watano wakichangishana wanaweza kumlipa mmoja wao kwa kazi inayoonekana: kila mwanafunzi insha moja kwa wiki, inarudi na masahihisho, inaandikwa upya. Lipeni kwa insha zilizosahihishwa. Kulipa kwa mwezi bila kuhesabu kazi iliyofanyika ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Kuna mambo mawili ambayo mzazi asiyalegezee. La kwanza: mwalimu anayelipwa mshahara kufundisha darasa lako hapaswi kukuuzia jioni kipindi ambacho hakukifundisha asubuhi. Kipindi kikikosekana, mahali pa kwenda ni kwa mwalimu wa taaluma, kwa mkuu wa shule, na kwenye kikao cha wazazi. Sisi walimu tukinyamazia jambo hili, tunamfundisha mtoto kinyume cha utawala bora tunaomtungia maswali. La pili: tuisheni ifanyike mahali pa wazi, mchana, na kwa kikundi. Binti asiende peke yake nyumbani kwa mwalimu usiku, hata kama mwalimu anasifiwa vipi. Mzazi aulize: mnasomea wapi, mko wangapi, mnatoka saa ngapi? Mwalimu mwema hakasiriki akiulizwa.

Mtaniambia: vijijini mwetu hata huyo mhitimu hayupo. Ni kweli kwamba mwanafunzi wa mjini Nachingwea ana nafuu kuliko wa kijiji cha ndani. Lakini somo hili lina bahati ambayo Hisabati haina: mifano yake inatembea mbele ya macho yetu, bure. Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi. Mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, maana yake wanafunzi wengi wa kidato cha sita ni wajumbe halali katika vijiji vyao. Nenda likizo, sikiliza mapato na matumizi yakisomwa, kisha uandike aya moja kuhusu uwazi na uwajibikaji. Hakuna desa litakalokupa mfano wa namna hiyo.

Angalia pia ushirika. Korosho za wazazi wetu hupita kwenye AMCOS, huingia ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, na huuzwa mnadani kupitia RUNALI, chama kikuu ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ukiulizwa ujadili faida na matatizo ya ushirika katika maendeleo vijijini, kwa nini uandike mfano wa nchi usiyoijua? Muulize baba alilipwa lini, alikatwa nini, na alipiga kura ya kumchagua nani kwenye mkutano wa chama.

Na ukiulizwa kwa nini mipango mikubwa ya maendeleo hushindwa, unaishi juu ya jibu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Walileta matrekta na wakajenga reli, lakini hawakuchunguza vya kutosha udongo wala mvua. Mwaka 1951 mpango ulikufa, na baadaye hata reli iking'olewa. Swali la siasa ya nje likija, kumbuka kwamba wapiganaji wa FRELIMO walifanya mazoezi Nachingwea wakati wa kuikomboa Msumbiji, iliyopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mwalimu wa ziada asiyeyatumia haya amekuacha na njaa karibu na ghala.

Kwa hiyo, mwanafunzi, kabla hujamwomba mzazi fedha, fanya jaribio hili wiki hii. Tafuta nakala ya katiba maktabani au kwenye simu ya mtu mzima, isome Ibara ya 51, kisha funga kitabu. Kwa dakika arobaini andika insha yenye hoja nne: "Je, utaratibu wa kumpata Waziri Mkuu unalipa Bunge nguvu ya kutosha juu ya serikali?" Badilishana na mwenzako, msahihishane kwa kalamu nyekundu, mwandike upya. Mkiona mnakwama mahali, mtakuwa mmejua hasa mnahitaji mwalimu wa kuwasaidia nini, na mzazi atakuwa amejua fedha ya korosho inakwenda kununua nini.