Mnunuzi Kwanza, Kibanda Baadaye

Wakulima wengi wajao ofisini kwetu hapa Kipkelion huuliza swali moja: nipande nini, au nifuge nini, nipate fedha? Ni wachache sana waulizao: nani atakinunua? Hilo la pili ndilo nitakalo kulieleza mwezi huu, maana kwa ajili ya lile la kwanza watu huweka rehani hata hati ya shamba.

Mnakumbuka habari ya kware. Mwaka 2013 ilienea nchi nzima kwamba mayai ya ndege hawa ni dawa ya maradhi mengi, na bei ikapanda mno. Watu wakaomba kibali cha KWS, kwa kuwa kware huhesabiwa kuwa ndege wa porini, wakajenga vibanda, wakanunua mashine za kutotolea. Kufika mwaka 2014 bei ilikuwa imeanguka, na wengi wakabaki na ndege wasio na mnunuzi.

Wengine hulaumu uvumi. Mimi nalaumu jambo jingine. Katika siku zile za bei nzuri, wanunuzi wengi hawakuwa walaji, bali wafugaji wapya waliotaka mbegu ya kuanzia. Mtu wa namna hiyo hanunui siku nyingi. Kware huanza kutaga akiwa na umri wa majuma sita au saba hivi, basi haikuchukua muda mteja wa jana kusimama karibu nawe sokoni akiuza mayai yake. Lau mfugaji angalimwuliza kila mnunuzi, "Mayai haya yaenda mezani au kwenye mashine?" angalijua mapema, naye angali na ndege kumi tu.

Hata wenye fedha nyingi huanza kwa kujaribu. Safaricom na Vodafone walipoanza M-Pesa, Oktoba 2005, waliijaribu kwa watu wapatao 500 tu, Nairobi na Thika. Shabaha ilikuwa watu hao walipe mikopo yao ya Faulu kwa simu. Lakini watu wakafanya mengine: wakatumiana fedha, na wenye biashara wakaziweka humo usiku zisiibiwe. Wenye kampuni hawakuwakemea, walitazama. Machi 2007 walipoifungulia nchi nzima, jambo walilolitangaza ni kutuma fedha nyumbani, si kulipa mikopo.

Haya, turudi kwetu. Tuseme mama mmoja ataka kuuza mursik. Asianze kwa kukopa fedha za jokofu. Atengeneze vibuyu viwili, apeleke kwenye hoteli mbili za chai, aandike katika daftari: ni kiasi gani kilichonywewa, ni kiasi gani kilichorudi, wanywaji walisema nini. Huenda mzee akataka mkaa wa senetwet mwingi, na kijana akataka kidogo. Huenda wote wakataka chupa ya kubeba garini kuliko kikombe. Asihesabu sifa. Jamaa watasema ni tamu sana, maana ni jamaa. Amhesabu yule aliyerudi juma la pili na fedha mkononi.

Nimesikia watu wakibisha kwamba ukianza na kidogo, jirani ataona na kuiga. Ni kweli, ataona. Lakini kibanda kikubwa nacho chaonekana, tena kutoka mbali zaidi! Na jirani hatajua ni hoteli gani iliyokataa maziwa yako, wala kwa nini. Hayo yamo katika daftari lako.

Vibuyu viwili vikiisha kila siku kwa muda wa mwezi, hapo ndipo pa kuzungumza na chama cha ushirika juu ya mkopo. Tena biashara ya maziwa yataka kibali cha Kenya Dairy Board. Ulizeni masharti yake mapema, kabla ya kuchapisha jina lenu kwenye chupa.