Mashine za Boti Zagawiwa, Mafunzo Yako Wapi?

Hafla hizi tumezizoea: mheshimiwa ufuoni, boti mpya, mashine mpya, na wavuvi wa BMU wakipiga makofi. Kaunti zetu za Pwani pamoja na wafadhili wanataka mvuvi afike bahari kuu, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini hotuba zikimalizika, nani hubaki kumfunza kijana namna ya kuinua ile mashine?

Laonekana jambo dogo. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na boti ikikaribia mchanga au mwamba lazima rafadha ipande juu. Hapo ndipo vidole huumia. Mashine ya nguvu 40 ina uzani wa kilo 70 hivi. Ikiinuliwa bila kifungio chake kushika, wimbi moja latosha kuiangusha juu ya mkono wa anayetoa nyavu kwenye rafadha.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Zima mashine kwanza, toa gia, chomoa kamba ya usalama. Inua kwa kishikio chake, si kwa rafadha, wala usiachilie kabla ya kifungio kushika. Anayeiinua huku yanguruma ajihatarisha mara mbili: rafadha hukata, na tundu la kuvuta maji likitoka baharini mashine hukosa maji ya kupoza, ikaungua.

Kuibeba ni kazi ya watu wawili. Isimamishwe kwanza maji yatoke yote, kisha kichwa kikae juu kuliko rafadha, maji yasirudi kwenye silinda. Zile zenye oili ndani zilazwe ubavu ulioelekezwa kitabuni, na kitabu chenyewe mara nyingi ni cha Kiingereza.

Mashine ikiungua, hasara ni ya kikundi kizima. Mkono ukivunjika, hasara ni ya nyumba moja, na baba hana bima.

Basi kila bajeti ya mashine iwe na fungu la mafunzo: ufuoni, kwa Kiswahili, kwa vitendo. Bandari Maritime Academy iko hapa Mombasa, na mafundi wazoefu tunao mitaani. Katiba ya 2010 imetupa haki ya kushirikishwa katika bajeti. Kikao kijacho cha kaunti, wavuvi waende wakaulize: mashine mwanunua ngapi, na mafunzo mumeyatengea shilingi ngapi?