Msimamizi wa Uchaguzi na Heshima ya Mtumishi



Katika mnada wa samaki hapa Bagamoyo kila mtu aijua kazi ya dalali. Dalali akiwa kijana wa mwenye chombo, hata akinadi kwa haki, wanunuzi huondoka wakinung'unika. Hawasemi kwamba ameiba. Wasema tu kwamba hawana njia ya kujua. Ndivyo ilivyo kwa mtumishi wa Serikali akabidhiwapo uchaguzi.

Kwa miaka mingi kifungu cha 7(1) cha Sheria ya Taifa ya Uchaguzi kilimfanya mkurugenzi wa halmashauri kuwa msimamizi wa uchaguzi mahali pake. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, naye Rais aweza kuwa mgombea. Bwana Bob Chacha Wangwe alilipeleka jambo hili mahakamani, na tarehe 10 Mei 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa; tarehe 16 Oktoba mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, ikiona kwamba sheria ina kinga za kutosha. Mwaka 2023 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikaona kwamba utaratibu ule wakiuka Mkataba wa Afrika. Hata hivyo Sheria Na. 1 ya mwaka 2024 ingali yaruhusu msimamizi ateuliwe miongoni mwa watumishi wa umma. Basi shauri hili bado ni letu.

Wako wenzetu waonao kwamba kuushuku uteuzi huo ni kututukana. Sikubaliani nao. Ibara ya 74(14) ya Katiba yawakataza wahusikao na uchaguzi kujiunga na chama cho chote cha siasa; maana yake, uaminifu wa moyoni peke yake haukutosha, ilitakiwa na dalili ya nje. Kiapo chaifunga dhamiri ya msimamizi. Hakiufungi mkono uandikao barua ya uhamisho. Akimtangaza mpinzani kuwa mshindi usiku, asubuhi cheo chake ki mikononi mwa nani?

Kwa hiyo yafaa Tume iajiri wasimamizi wake yenyewe. Ikiwa fedha hazitoshi, basi mtumishi aliyeazimwa asihamishwe wala asishushwe cheo pasipo idhini ya Tume. Hilo si kumvunjia mkurugenzi heshima, bali ni kumtua mzigo.

Sisi makarani twajua kwamba mtunza fedha hakagui vitabu vyake mwenyewe, hata awe mwaminifu namna gani. Kura ya mwananchi isilindwe kwa uangalifu mdogo kuliko shilingi.