Nani ameharibu nyumba za Ruashi?

Tangu utoto nimesikia sentensi mbili katika mji huu wa Lubumbashi, na mara nyingi wanaozisema ni watu wale wale. Ya kwanza: Kiswahili chenu kimeharibika. Ya pili: Ruashi ilijengwa vizuri, wenyeji ndio walioiharibu. Ile ya kwanza, sisi wa lugha za Kiafrika tunafundishwa kuijibu tangu mwaka wa kwanza. Ya pili bado tunaiitikia kwa kichwa, hata sisi tunaolala humo humo Ruashi. Leo nataka kuijibu hiyo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1949 Ubelgiji ilitoa Mpango wake wa Miaka Kumi kwa Kongo, na makazi ya mijini yalipewa nafasi kubwa. Mwaka huo huo ikaundwa Office des cités indigènes, na mwaka 1952 ikawa Office des cités africaines, ile OCA ambayo wazee wetu wanaitaja hadi leo. (Mwanafunzi wa isimu hawezi kupita hapo bila kusimama: katika miaka 3 "indigène" alikuwa amekwisha kuwa "Mwafrika", ingawa kibali cha kutembea usiku kilikuwa bado mfukoni mwake.) Kabla ya uhuru OCA ilijenga makumi ya maelfu ya nyumba: Bandalungwa, Matete na Lemba kule Kinshasa, Ngagara kule Bujumbura, na hapa kwetu Ruashi. Katika kambi za Union Minière nyumba ilifuata kazi. Ukipoteza kazi, unafunga mizigo. Nyumba ya OCA uliweza kuilipia kidogo kidogo mpaka ikawa yako. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyozaa mambo yote ninayotaka kuyasema.

Wachoraji wake walikuwa wamelelewa katika usasa wa Ulaya. Walitaka mtaa unaojitosheleza, shule, zahanati na soko vifikike kwa miguu, nyumba zipangwe kwa safu, chache ziwe na ghorofa, kuta ziwe nyeupe bila mapambo, magari yabaki pembeni. Sikatai uzuri wake. Saa kumi na moja jioni, kivuli cha safu nzima kinapoanguka upande mmoja, unaona kwamba mtu alikaa akafikiri kuhusu jua.

Lakini nyumba hizo zilikuwa pia somo. Ramani ilisema: baba mmoja, mama mmoja, watoto wao. Sebule hapa, jiko ndani, vyumba kule, na jirani kuna foyer social ya kumfundisha mama kushona na kupanga meza. Hakuna mahali pa shemeji aliyetoka Kasai kutafuta kazi, wala pa nkambo aliyekuja kutibiwa akakaa mwaka mzima.

Watu walilijibu somo hilo. Bukari ya watu kumi na wawili haisongwi vizuri katika kile chumba chembamba kilichoitwa jiko. Inasongwa nje, juu ya mbabula, mahali ambapo mama anaweza kukaza mikono na kuongea na jirani. Umeme ukikatika, makala hayana habari. Basi jiko la ndani likawa chumba cha vijana. Nyuma ya nyumba ikaota anexe, kwanza chumba kimoja cha matofali bila plasta, halafu viwili, halafu na mpangaji wake. Ada yangu ya mwaka huu imetoka kwa mpangaji wa namna hiyo, na sidhani mimi ni peke yangu katika kitivo hiki.

Chukueni neno barza. Wabelgiji walilikuta neno la Kiswahili, baraza, wakalikata irabu, na katika Kifaransa chao cha kikoloni likabaki na maana ya varanda tu. Likaturudia hivyo hivyo, limekatwa. Lakini tazameni kinachofanyika leo kwenye barza ya nyumba ya OCA: asubuhi mikate inauzwa, mchana dada anasukwa nywele, jioni wazee wanapatanisha watu wawili waliogombania mpaka, na siku ya kilio viti vyote vya avenyu vinakutana hapo. Mchoraji alitoa meta chache za kivuli. Wenyeji wakairudishia baraza maana yake yote ya zamani, na hakuna aliyewaelekeza.

Ndiyo maana nazileta nyumba hizi katika gazeti la lugha. Kiswahili chetu nacho kilisambazwa migodini kuwa lugha ya kazi, kati ya watu waliotoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini. Nacho kikajengewa anexe. Wingi wa nyumba ukawa manyumba. Nyumba ndogo ikawa kanyumba, zikiwa nyingi tunyumba, kwa ka- na tu- ambazo Kiluba na Kibemba zinazijua vizuri. Pahali pa "nyumbani" tukaweka ku nyumba, mu nyumba. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo hiki mwishoni mwa ukoloni, alichapisha mwaka 1968 makala juu ya Kiswahili cha Lubumbashi, akakieleza kama mfumo wenye kanuni zake. Anexe nazo zina kanuni. Katika avenyu yetu zote zinaegemea ukuta wa nyuma, milango yake inatazama uani, na hakuna hata moja inayoziba mlango wa nyumba kubwa. Nani aliandika sheria hiyo? Jirani yetu mmoja, mzee wa zaidi ya miaka themanini, ananiambia: "Balitupatia nyumba, shiye njo tuliimaliza."

Hata hivyo sitaki kuupeleka mfano huu mpaka ukatike. Mtu akisema manyumba, hakuna jirani anayelowa. Mtu akijenga anexe juu ya mfereji, mvua ya Januari inaingia chumbani kwa mwingine, na kwetu imeingia mara mbili. Kadhalika wale wanaofunga njia za miguu kwa geti la chuma na kuziongeza kwenye lupango lao: watoto sasa wanazunguka kwa barabara kubwa, katikati ya malori, kwenda shule ambayo ilichorwa iwe karibu. Hapo ramani ya OCA ilikuwa na haki, na sisi tunapaswa kuilinda dhidi yetu wenyewe. Anayetetea kila ukuta kwa sababu umejengwa na mwenyeji ameshindwa kutazama chini, maji yanakopita.

Wageni wakija mjini, wanapelekwa kutazama Jengo la 30 Juin, kazi ya Claude Strebelle na wenzake. Vizuri. Wanafunzi wa usanifu wakija Ruashi, wanapima nyumba kana kwamba mwaka ni 1957, wanafuta anexe kwenye mchoro ili "ya asili" ionekane. Mimi ningetaka wapime vyote viwili, na pembeni yao asimame mmoja wetu na daftari. Kila chumba kina majina: la mchoraji, la mama mwenye nyumba, la mpangaji. Mara nyingi hayafanani, na tofauti hiyo ni historia ambayo haimo katika hifadhi yoyote ya Brussels. Walimu wetu wapendwa, mtu akiwaletea mada ya kazi ya kumaliza masomo kuhusu majina hayo, msimwambie aende kwanza akatafute lugha iliyo safi.

Tena haraka. Warithi wanauza. Kwenye kona ya avenyu yetu kuna nyumba ya ghorofa, moja ya chache ambazo ngazi yake ya ndani haijaguswa. Imeshalipiwa, na mnunuzi amesema ataibomoa mvua zikiisha, ajenge maduka. Mama aliyeingia humo akiwa bi harusi bado yumo, anakumbuka kila mlango ulikuwa unaitwaje. Mwenye simu inayonasa sauti vizuri tuonane kabla ya Mei.