Geji ya oksijeni isinunuliwe kwa kuangalia bei pekee

KATIKA duka la vifaa vya ufundi, geji mbili za kupimia presha zinaweza kuwekwa juu ya kaunta moja zikafanana kama pacha. Zote zina kiungio cha shaba ya njano, uso wa ukubwa mmoja na mizani ile ile, lakini moja inauzwa ghali zaidi. Mnunuzi aliyetumwa na ofisi yake akiwa na fedha za kuhesabu huchukua ile ya bei nafuu, hudai risiti na kuondoka akiamini ameokoa fedha za mwajiri. Kama geji hiyo inakwenda kufungwa kwenye bomba la maji au kompresa ya upepo, hana kosa. Kama inakwenda kwenye oksijeni, amenunua hatari.

Tofauti ya bei haitokani na jina la kiwanda peke yake. Geji ya oksijeni huoshwa ndani mpaka mafuta na grisi vitoke, hupimwa bila kutumia mafuta, kisha hufungwa katika mfuko safi. Usoni huandikwa neno la Kiingereza la oksijeni pamoja na alama ya kopo la mafuta lililopigwa mstari. Mnunuzi analipia kazi hiyo, ambayo kwa macho haionekani.

Ni vyema ikaeleweka kuwa oksijeni yenyewe haiungui, bali huviunguza vitu vingine kwa nguvu. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 tu ya oksijeni, na ikivuka asilimia 23.5 huhesabiwa kuwa ya hatari. Oksijeni inayotengenezwa na mitambo ya hospitali inayochuja hewa huwa karibu asilimia 93, na ile ya mitungini huzidi hapo. Fundi akifungua kwa haraka mtungi wenye presha ya bar 150, gesi hukimbilia kwenye bomba dogo la geji, ambalo mwisho wake umezibwa. Ikibanwa humo ghafla, joto lake kwa hesabu linaweza kuzidi nyuzi 900 za Sentigredi. Utando mwembamba wa mafuta ukiwepo huwaka, na moto huo unaweza kuiwasha hata metali ya geji.

Wapo wenye karakana watakaosema kuwa wamefunga geji za kawaida kwa miaka mingi bila ajali. Inawezekana. Lakini kutopata ajali si ushahidi kuwa kifaa kinafaa. Kinachohitajika ni mafuta kidogo na mkono mmoja wenye haraka kukutana siku moja. Wengine husema wataiosha wenyewe kwa petroli. Huko ni kuongeza kosa, maana bomba la geji limezibwa upande mmoja na kinachoingia hakitoki chote.

Mnunuzi anayejali afuate mambo machache. Kwanza, metali. Shaba na michanganyiko yake huaminika zaidi katika oksijeni ya presha kubwa. Aluminiamu huwaka vibaya, na titaniamu haifai kabisa. Pili, geji zilizojazwa kimiminika ili mshale usitetemeke. Zile za gliserini zisikaribie oksijeni, na vivyo hivyo vipimo vya kielektroniki vyenye mafuta ya silikoni nyuma ya kiwambo. Viagizwe vyenye kimiminika maalumu kisichoungua. Tatu, kwa presha kubwa ichaguliwe geji ya usalama, yenye ukuta imara kati ya uso na bomba, na mgongo unaofunguka ili mlipuko uende nyuma badala ya kumpiga msomaji usoni.

Nne ni mizani. Presha ya kazi inayotulia haipasi kuzidi robo tatu ya mizani, hivyo mtungi wa bar 150 unafaa geji ya bar 250. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kipimo kisichofika mbali huficha hatari. Mwaka 1970, kabla ya safari ya chombo cha Marekani cha Apollo 13, tangi moja la oksijeni lilipashwa moto kwa saa nyingi baada ya swichi zake za kuzuia joto kushindwa. Kipimo cha joto kilichokuwa mbele ya mafundi kiliishia nyuzi 27 hivi za Sentigredi. Mshale ulisimama hapo, wakati ndani ya tangi joto lilikadiriwa kufika nyuzi 540. Ngozi za nyaya ziliharibika bila mtu kujua, na tarehe 13 Aprili tangi hilo lilipasuka angani. Wanaanga watatu walinusurika kwa shida.

Tano, cheti cha kifaa cha umeme kinachoruhusiwa mahali penye gesi za kulipuka kisichukuliwe kuwa kinatosha. Kwa kawaida vyeti hivyo hutolewa kwa kuzingatia hewa yenye asilimia 21 ya oksijeni. Penye zaidi ya hapo, cheti hicho hakisemi kitu.

Hata hivyo, kununua vizuri ni nusu ya kazi. Geji safi ikipelekwa kuhakikiwa kwenye mashine inayotumia mafuta hurudi ikisoma sawasawa, lakini si ya oksijeni tena. Ikitolewa kwenye oksijeni ikaazimwa kwenye kompresa, nayo imekwisha. Hivyo mkataba wa uhakiki useme wazi kuwa itumike naitrojeni safi au hewa kavu isiyo na mafuta, na geji ikirudi iwe na mfuko wake na karatasi yake.

Mzizi wa tatizo upo kwenye karatasi za zabuni. Ofisi ikiandika "geji ya bar 250" tu, mwenye geji ya kawaida atamshinda kwa bei mwenye geji safi, na kamati itakuwa imefuata utaratibu. Lawama hapo si ya mfanyabiashara, kwani ameleta alichoombwa. Tangu ugonjwa wa UVIKO-19 uingie mwaka 2020, hospitali nyingi zaidi zimefunga mitambo na mabomba ya oksijeni, na kila mtambo una geji zitakazochakaa na kubadilishwa. Wanaoandika mahitaji waongeze maneno haya: iliyosafishwa kwa oksijeni, isiyo na mafuta, yenye cheti. Hapo ndipo bei zitakapolinganishwa kwa haki, na muuza geji safi hataonekana mlanguzi.

Tahadhari kabla ya hatari. Fedha inayookolewa kwenye geji moja haiwezi kulipia wodi iliyoungua, wala macho ya fundi aliyekuwa anasoma mshale.