Nani Alisema Baiskeli Lazima Iwe 26?

Wasee, watu wengi hapa Nairobi hawajawahi kuchagua baiskeli. Wamechaguliwa. Kontena inafika na baiskeli ambazo mtu fulani huko Uingereza alichoka nazo, muuzaji anazipanga kando ya barabara, na wewe unaokota ile inakaribia saizi yako. Ukiuliza mbona magoti yanagonga usukani, unaambiwa, "Utazoea, bosi." Mimi nasema usizoee. Na nasema hivi nikiwa nimetoka kupanda baiskeli ya kwanza maishani ambayo ilijengwa ikinifikiria mimi.

Ni baiskeli ya milima, magurudumu ya inchi 29. Fremu ni ya chuma, ya mtumba. Ringi na tairi ni mpya. Breki ni za diski, zile za kuvutwa na waya, juu hizo fundi yeyote anaweza kuzirekebisha. Mbele haina shoki, ni uma mgumu tu. Kila kitu kimeunganishwa na mzee mmoja mwenye kibanda cha mabati huku Roysambu. Kitu ya kwanza aliniambia haikuwa bei. Aliniambia, "Kijana, vua viatu, simama hapo kwa ukuta." Akapima mguu kutoka chini hadi kwa mapaja, akaandika kwa kipande cha karatasi, ndio tukaanza kuongea. Mimi ni mrefu, futi 6 na kitu. Miaka yote nimekuwa nikiendesha 26 nikikaa kama panzi.

Sasa hiyo 26 ilitoka wapi? Hapa ndio stori inakuwa tamu. Miaka ya sabini, vijana wa Marin County, California, walikuwa wanachukua baiskeli kuukuu zenye tairi nono na kuteremka nazo milimani. Mashindano yao yaliyovuma zaidi, Repack, yalianza 1976. Zile baiskeli kuukuu zilikuwa na magurudumu ya inchi 26. Ni hivyo tu. Hakuna mwanasayansi alikaa chini akaamua 26 ndiyo bora kwa mlima. Walitumia kile walipata. Halafu viwanda vikanakili, maduka yakajaa, na bahati ya watu wachache ikageuka sheria ya dunia nzima. Tairi ya kwanza ya ukweli ya 29 ya milimani ilitoka 1999, na hata hapo watu walicheka. Ilipofika Olimpiki ya London 2012, Jaroslav Kulhavý wa Ucheki akachukua dhahabu ya wanaume ya baiskeli za milima akiwa juu ya 29. Kicheko kikaisha.

Lakini ngoja, kuna kitu inaniuma zaidi. Sisi tulikuwa na magurudumu makubwa kitambo. Unaijua Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya guka, ile ya kubeba maziwa, magunia na mtu mzima nyuma? Ringi yake, pale tairi inakaa, ni milimita 635. Ringi ya 29 ni milimita 622. Ile ya 26 ni 559. Yaani ringi ya guka ni kubwa kuliko ya hii baiskeli watu wananisimamisha nayo wakisema nimeletewa kutoka majuu. Tofauti ni kwamba tairi ya 29 ni nono, kwa hivyo gurudumu lote likijaa upepo linaipita Black Mamba kidogo. Wazee walijua barabara ya vumbi inataka gurudumu kubwa. Sisi ndio tulidanganywa kwamba gurudumu dogo lenye gia 21 ndiyo maendeleo.

Safari ya kwanza nilitoka Roysambu asubuhi, nikashika Thika Road, nikapita Muthaiga, nikaingia Karura kwa geti ya Kiambu Road. Acha niwe mkweli, mita mia ya kwanza sikufurahia. Hii kitu haiondoki haraka. Gurudumu kubwa ni zito kuzungusha kutoka kusimama, na kwa foleni ya Nairobi unasimama kila dakika. 26 ingenipita hapo mwanzoni. Lakini ikishashika mwendo, manze, haitaki kusimama. Kila mzunguko mmoja inakula karibu sentimita 20 zaidi ya 26 yenye tairi ya unene sawa. Ndio maana mzee aliniwekea gia ya mbele ndogo, meno 30. Mguu ungechoka sana kwa mlima kama angeacha ile kubwa.

Ndani ya msitu ndio nikaelewa. Ukigonga mzizi na gurudumu dogo, linaugonga kama ukuta, mikono inapigwa, kiuno kinapigwa. Gurudumu kubwa linaufikia ule mzizi kwa pembe ya chini, linaupanda badala ya kuugonga. Shimo nalo ni hivyo hivyo, gurudumu kubwa halizami sana ndani. Kwa mlima wenye kokoto, tairi ya nyuma ilishika chini vizuri, haikuteleza mahali nilizoea kushuka na kusukuma. Kona kali ndio zilinipa kazi, inabidi uanze kukata mapema na upanue. Kwa hivyo si miujiza. Ni kubadilishana. Unatoa wepesi wa kuondoka na kukata kona, unapata utulivu kwa mashimo na mizizi.

Na sasa niulize, kati ya hizo mbili, Nairobi inataka nini? Angalia barabara ya mtaa wenu. Matuta yaliyojengwa na landilodi usiku. Mtaro usio na kifuniko juu mtu aliuza kama chuma chakavu. Lami imekatwa kupitisha bomba halafu ikafunikwa na mchanga. Hiyo ni barabara ya mlima, tena iko katikati ya jiji. Mimi sihitaji kwenda Ngong Hills kutafuta njia mbaya, natoka nje ya ploti tu.

Wengine mliniandikia kwa inboksi: hizo pesa si ungerudi chuo? Mathe pia aliuliza, na mathe huwa simjibu ovyo. Nikamwonyesha hesabu. Baiskeli yote ilinigharimu 34,500, nikilipa polepole kwa miezi 5, kila kazi ya video ikiingia. Nauli yangu ya kuzunguka na kamera ilikuwa kama 200 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hiyo ni elfu moja kila wiki. Kwa wiki 35 baiskeli itakuwa imejilipa, na bado iko. Karo iliyonitoa chuo mwaka wa pili ni mlima mwingine kabisa, na nitaupanda kwa njia yake. Lakini nikifika kazini bila kutoa 200, huo mlima unapungua. Mathe akanyamaza, halafu akauliza kama ina taa. Ina taa, mathe.

Kuna wale watasema baiskeli ya kujengwa ni ya watu wa Karen wenye mavazi ya kubana. Zii. Nenda Kikuyu uone David Kinjah amefanya nini miaka yote hii, akifundisha watoto wa kawaida kuendesha baiskeli na kuzitengeneza kwa mikono yao. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara 4, alianzia hapo kwa Kinjah. Ujuzi tunao. Fundi wa kibanda anaweza kunyoosha ringi kwa jicho na kidole, spoki moja baada ya nyingine. Kile tunakosa ni mteja anayeuliza.

Siwezi kuwadanganya kuhusu ubaya wake. Tairi ya 29 hupati kila duka, kwa hivyo nabeba tyubu ya akiba kila siku. Na kama wewe ni mfupi, 29 inaweza kukutesa vile 26 ilinitesa mimi. Chukua 27.5, au baki na 26 yako kwa amani. Sibishani na namba. Nabishana na ile tabia ya kukubali chochote kilichoshushwa kwa kontena.

Tena gurudumu kubwa halizuii matatu. Mwaka wa 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ikiahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi iende kwa wanaotembea, wa baiskeli na usafiri wa umma. Endesha baiskeli leo jijini halafu uniambie hizo asilimia uliziona kona gani. Nikipita mtaro wazi bila kuanguka, hiyo ni kazi nzuri ya mzee wangu. Si kazi ya kaunti, na wasije kujipigia makofi.

Kwa hivyo kama unaweka pesa ya baiskeli, fanya hivi. Kabla ya kuuliza bei, pima mguu wako. Andika barabara unayopita kila siku: lami ni ngapi, vumbi ni ngapi, mlima uko wapi. Peleka hiyo karatasi kwa fundi wa mtaa wenu na umuulize yeye angejenga nini. Akikuambia "chukua hii tu, utazoea", msalimie vizuri, uende kwa fundi mwingine.