Njiti za Kiberiti na Mkono Uliolegea

Mzee akianza kusahau majina ya wajukuu, Makurunge kama kwingineko Pwani, huambiwa ni uzee. Akianza kudondosha kikombe, husemwa amepooza, au kuna mkono wa mtu. Yote mawili yakimpata mzee mmoja, la kwanza huachwa nyumbani na la pili hupelekwa kwa mganga. Naamini akili na misuli vipimwe siku moja, na mtabibu mmoja. Ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, ule uliobainika kwa mwanafizikia Stephen Hawking mwaka 1963, ulidhaniwa kwa muda mrefu kuiacha akili salama. Kumbe takriban nusu ya wagonjwa hubadilika fikra au tabia kwa kiasi fulani, na mwaka 2006 protini ile ile, TDP-43, ilikutwa imerundikana katika neva zao na kwa wenye dimenshia (kudhoofika kwa akili) ya sehemu ya mbele ya ubongo. Ugonjwa huo wa neva kuandamana na Alzheimer, dimenshia ya aina nyingine, ni nadra zaidi, ila dimenshia kwa jumla si ngeni kwetu: utafiti wa wilayani Hai, uliochapishwa 2013, uliwafikia wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, ukakuta inawapata kama 6 katika kila 100.

Hai ndiko kilikozaliwa kipimo kifupi cha akili kiitwacho IDEA, kisichodai kusoma wala kuandika. Mzee hutaja wanyama, hukumbuka maneno, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Ni kazi nzuri sana. Lakini tazama mkono ambao nyama kati ya kidole gumba na cha shahada imekwisha, pakabaki shimo: njiti zinaponyoka. Ulimi mzito nao hauwahi kutaja wanyama. Alama zikishuka, asiyeangalia vidole ataandika kwamba akili imekwenda.

Wapo watakaouliza faida iko wapi, iwapo dawa ya kuponya hakuna na zahanati imezidiwa na malaria. Swali ni la haki. Hata hivyo kaswende na upungufu wa vitamini B12 huweza kuharibu akili na neva kwa pamoja, na vyote vina tiba, hasa vikiwahiwa. Hata pasipo tiba, mgonjwa wa neva za misuli hupaliwa kwa urahisi. Mwenye kumbukumbu huelekezwa mara moja akae wima, ainamishe kidevu, ameze kidogo kidogo. Anayesahau lazima akumbushwe kila tonge, na anayemlisha asipojua hilo, chakula huingia mapafuni. Tena mambo ya shamba na ya matibabu yanataka kauli yake mapema, angali anaweza kuamua. Kumkagua mikono na ulimi ni dakika chache tu, wala hakuhitaji safari ya hospitali ya Muhimbili.

Basi mpelekeni mzee zahanati, na mkifika mtaje yote mawili: anayoyasahau na anayoyadondosha.